Katambuga pea moja, miaka sita

Nianze na kinachotafutwa na wengi. Katambuga zangu, yaani viatu vya wazi vinavyokatwa kwenye tairi la gari, nilizinunua mwaka 2019 kwa shilingi 8,000 kwenye gulio la Dumila, kwa fundi anayekaa chini ya mwembe upande wa wauza kamba na mipini ya majembe. Soli ni ileile ya siku ya kwanza. Mkanda mmoja wa nyuma ulikatika, nikawekewa mwingine kwa shilingi 500. Kama unasoma haya ukiwa umesimama mbele ya fundi na unataka ndiyo au hapana, jibu ni ndiyo, nunua, ila kagua tairi kwanza. Yanayofuata ni kwa mwenye nafasi.

Mimi ni afisa ugani wilaya ya Kilosa, kazi ambayo vijijini bado inaitwa bwana shamba hata mwenye kazi akiwa mama wa watoto watatu. Wanaojitahidi huniita bibi shamba. Wafugaji wa Kimasai huniita yeyo, yaani mama, na kumaliza. Kwa wiki natembea mashamba mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na katikati ya shamba na shamba kuna miba ya migunga, kuna mifereji, kuna udongo mweusi wa mbuga ambao ukinyeshewa unataka kubaki na kiatu chako.

Niseme pia mapema kwamba nguo na viatu havijawahi kunikaa kichwani. Sijaokoka kiasi cha kukataa mapambo, wala sina ugomvi na wanaopendeza. Kuna watu hawasikii ladha ya mpira: Simba na Yanga zinacheza, banda zima limesimama, wao wanaangalia saa. Mimi niko hivyo kwa mavazi. Ukiniuliza shemeji alivaa nini msibani juzi, nitakwambia alikuwa anakohoa na kikohozi kile si cha vumbi. Alivaa nini, sijui. Nina magauni matano, yote mshono mmoja, fundi cherehani mmoja, mifuko miwili mipana ubavuni ya kuingia daftari na chupa ya maji. Nywele nanyolewa na kinyozi anayewanyoa wanangu wa kiume, shilingi 1,000, dakika kumi, na sitoki na maumivu ya kichwa.

Siku ile ya 2019 nilikuwa nimekwenda gulioni kuangalia bei ya vitunguu. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimeachia soli tangu asubuhi na nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Fundi, mzee wa kofia ya kufuma, aliniona miguu kabla ya uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Za baba au za kijana?"

"Zangu mwenyewe."

"Za kina mama zile pale, zina shanga."

"Nataka hizi zisizo na kitu."

Akatoa kipande cha tairi la lori, akakitupa chini mbele yangu, akaniambia nikanyage. Akazungusha chaki mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kila mmoja peke yake, kwa sababu, alisema, hakuna binadamu mwenye miguu iliyolingana, na wanaouza viatu vya maboksi wanalijua hilo ila wanatunyamazia. Halafu akachovya kisu kwenye kopo la maji. Nilidhani anakisafisha. Kumbe ndiyo siri ya kazi yenyewe: mpira mkavu unakamata kisu kama kinamasi, lakini kisu kikilowa kinapita kama kwenye muhogo mbichi. Kila akikata urefu wa kidole, kisu kinarudi majini. Sauti yake ni ya mlango wa zamani usiotiwa mafuta, na wapita njia wote hugeuka.

Mikanda aliikata ubavuni mwa tairi, kwenye mpira mwembamba: miwili inapishana juu ya mguu, mmoja unazunguka kisigino. Akaipigilia pembeni mwa soli kwa misumari midogo. Ncha ilipotokeza alikilaza kiatu juu ya kipande cha chuma kinene akaikunja kwa nyundo mpaka ikarudi kujificha ndani ya mpira. Kisha akapitisha kidole chake gumba ndani, taratibu, kama daktari anayetafuta uvimbe. Alifanya hivyo mara mbili kila upande. Kama fundi wako hapitishi kidole, pitisha wewe kabla hujatoa hela.

Sasa habari ya tairi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna tairi la nyuzi na tairi la waya. La nyuzi limejengwa kwa matabaka ya nailoni, na hilo ndilo unalolitaka. La waya lina nyaya nyembamba za chuma chini ya kashata, yale meno ya juu ya tairi. Kiatu cha tairi la waya ukikiona kipya hakina tofauti, pengine kinapendeza zaidi. Baada ya miezi kadhaa soli inalika, nyaya zinaanza kuchungulia, na siku moja zinakuchoma mguu kwa ndani. Magari madogo ya siku hizi karibu yote yanatembea na matairi ya waya, kwa hiyo fundi mvivu hana shida ya mali. Angalia ukingo uliokatwa, juani. Ukiona vidoti vinavyong'aa, rudisha na umtakie kazi njema. Mzee wangu nilipomuuliza alijibu bila kuinua kichwa: "Ya waya sifanyi. Sitaki mtu anitaje vibaya huko porini."

Wiki mbili za kwanza ni adhabu. Sitadanganya. Tairi limezoea kuzunguka gurudumu, kwa hiyo kiatu kinakuja kimejikunja kama mtumbwi, vidole juu, kisigino juu, na unatembea kama unapanda na kushuka vilima vidogo. Mikanda inachubua juu ya kidole kikubwa. Nilipata malengelenge mawili na nikaweka kitambaa. Wengine hupaka mafuta ya kula, lakini usifanye hivyo, mguu utateleza ndani na utaanguka mbele za watu. Wiki ya tatu soli ilianza kulala. Mwezi wa pili nilisahau kwamba nimevaa kitu.

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote na ndiyo iliyonifanya niandike. Kiatu cha ngozi kinataka kufikiriwa: kimelowa, kikaushwe, kipakwe kiwi, kisipite kwenye tope. Gambuti za kazini zinafikiriwa pia, maana kufikia saa sita mchana umebeba bwawa la jasho kila mguu. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, kazi yangu kubwa masika ni kuinama kwenye mahindi machanga na kufunua jani la katikati, shina baada ya shina, nikitafuta kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Kazi hiyo inataka kichwa kizima. Katambuga zinaniachia kichwa changu. Naingia mferejini, natoka, maji yanatoka yenyewe, nusu saa baadaye miguu imekauka. Miba ya mgunga inaingia kwenye soli, inakatikia humo humo, haifiki. Jioni nazipiga mbili pamoja tope lidondoke, nazimwagia maji ya ndoo, basi.

Kasoro zipo, tena za kutosha. Ni nzito: tulizipima kwenye mizani ya muuza mchele, zikazidi kilo moja kidogo kwa pea. Zikilowa zinalia, kwenye sakafu ya saruji nasikika nikiwa bado ukumbini. Zinaacha mistari myeusi kwenye vigae vyeupe, na nimewahi kumwona mwenyeji wangu akiifuata mistari hiyo kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu huku akiniuliza habari za watoto. Kwenye vigae vilivyolowa ni hatari, tembea kama bata. Juani zinanukia gereji. Misumari inapata kutu baada ya mwaka, kwa hiyo kile kidole gumba kipitishwe kila mwezi, maana pepopunda haina utani. Kwenye ukaguzi wa stesheni mashine ililia, nikavua, nikapita, kijana wa ukaguzi akazigeuzageuza na kuniuliza kama ninauza. Na kwenye pikipiki usizivae. Gia ya kupandisha inataka kidole cha mguu kilichofunikwa, nilijaribu mara moja na ukucha ule ulichukua miezi minne kurudi. Pikipiki navaa gambuti, katambuga zinakaa kwenye kikapu cha nyuma.

Magaga pia. Miguu ya wazi inapasuka visigino. Naikwangua kwa jiwe siku ya Jumapili nikikumbuka, na mara nyingi sikumbuki.

Hayo ni ya kiatu. Ya watu ndiyo marefu.

Mwaka juzi nilipeleka taarifa kwenye ofisi moja ya umma, si yetu. Getini kuna lile bango ambalo kila mtumishi analijua, lenye picha za mavazi yanayokubalika na yasiyokubalika, tangu ule waraka wa mwaka 2007 wa mavazi ya watumishi wa umma. Mlinzi aliniangalia chini, akaangalia bango, akaniangalia chini tena. Kwenye bango kulikuwa na sketi fupi, nguo ya kuonyesha mwili, suruali iliyochanika. Tairi la lori halikuwepo. Kijana wa watu akapata shida ya kweli.

"Mama, hizi ni ndala?"

"Si ndala, zina mkanda nyuma."

"Kwa hiyo ni sendozi?"

"Andika sendozi."

Akasema ngoja aulize. Nikakaa kwenye benchi dakika arobaini, na kwa bahati palikuwa na mpapai wenye majani yaliyojikunja, nikawa na la kutazama. Hatimaye alitoka mtu akachukua taarifa yangu palepale getini, akanisainia kwenye goti lake. Kazi ilifanyika. Ila nilijiuliza njia nzima: dakika arobaini za watu watatu, kwa ajili ya miguu ambayo ingeishia chini ya meza?

Nchi hii imeshahangaika sana na nguo za watu, si jambo jipya. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Muda mfupi kabla ya hapo, huko Arusha, Wamasai walibanwa waache lubega, yale mashuka yao ya begani, wavae suruali ili nao waonekane wameendelea. Wazee wa Kimasai ninaowahudumia leo bado wana lubega na bado wana katambuga, na wale wenye suruali wanakuja kununua mashuka hayohayo kwa ajili ya picha. Simlaumu yule mlinzi. Yeye alikuta bango.

Kinachonishangaza zaidi ni utabibu. Mwanamume akivaa katambuga anaambiwa ni mtu wa kazi. Ho Chi Minh wa Vietnam alivaa viatu vya tairi akiwa rais, vikaitwa unyenyekevu. Mimi nikivaa, kila mtu ana ugonjwa wa kunitajia. Kuna waliodhani nimefiwa. Kuna waliodhani baba watoto ananinyima, na mmoja alimpigia simu kabisa kumsema. Kanisani mama mmoja alinishika mkono akaniambia Mungu anaona mateso yangu. Nilimwambia mateso gani mama, akasema "hayo hayo." Wifi yangu ana maelezo yake: anasema najidai, kwamba kutojali kwangu ni namna ya kuwaambia wengine wana akili ndogo. Hilo lilinikaa kidogo, kwa sababu wifi si mjinga. Nilijichunguza. Nadhani hajakosea kote. Kuna siku, kwenye kikao, wote wamevaa vizuri na mimi na tope langu, nimewahi kusikia kitu kama fahari kikipita. Kilipita haraka. Lakini kilipita.

Halafu kuna mama yangu.

Mama alizaliwa na kukulia hukuhuku Kilosa na sasa anaishi Morogoro mjini na dada yangu. Mara ya kwanza nilipoingia kwake na katambuga hakusema kitu. Alinikaribisha, akanipa maji, tukaongea. Nilipoinuka kwenda kumsaidia jikoni nikamwona anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikadhani kitunguu.

"Mama, vipi?"

"Nilikusomesha ili usivae hivyo."

Kwa kizazi cha mama katambuga si kiatu, ni miaka. Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna kitambaa. Kanga ikija kwenye duka la ushirika mnapanga foleni tangu alfajiri na mnaweza kuondoka bila. Alimbeba kaka yangu mgongoni kwenda kliniki na katambuga miguuni, na walipofika walikuta wenzao wawili wana viatu vya Bora, vya kiwandani, na akaificha miguu yake chini ya benchi. Miaka arobaini imepita na benchi lile analikumbuka rangi. Mitumba iliporuhusiwa tena kuingia, ile 1984 na kuendelea, kitu cha kwanza alichonunua kwake mwenyewe kilikuwa jozi ya viatu vya kufunika, vyeusi, vimeandikwa lugha asiyoijua, namba moja kubwa kuliko mguu wake. Aliweka pamba mbele.

Na hayo yakitokea, palepale Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kiwanda cha kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, cha kulisha nchi nzima na kiasi kikubwa kwenda Ulaya. Kuta za alumini, joto la Morogoro, na hakuna matundu ya hewa. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Sijui kama kuna mji mwingine duniani ambao ulijengewa viatu vingi hivyo na watu wake wakaendelea kutembea juu ya matairi. Mzee wangu wa Dumila, na kopo lake la maji na kisu kimoja, ameshavalisha watu wengi tu. Hewa anayo ya kutosha chini ya mwembe.

Nilimwelewa mama. Nilielewa pia kwamba mimi naweza kutojali kwa sababu mshahara unaingia. Katambuga zangu nazivua nikitaka. Yeye hakuwa na pa kuzivulia. Mtu asiye na kiatu kingine huwezi kumwambia ana raha ya kutojali mitindo, atakuona mwehu na atakuwa sahihi. Kwa hiyo nilinunua raba za mtumba, nyeupe, shilingi 15,000, karibu mara mbili ya katambuga. Zinakaa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya mlango wangu na mwanangu mdogo anaziita viatu vya bibi. Nikienda kwa mama navaa hizo. Nafika, anaziangalia, anasema "karibu mwanangu," tunaendelea. Zinanibana, na kila nikizivaa nazifikiria safari nzima.

Kwenye sherehe nako mambo ni mazito. Mwaka jana ilikuwa sendofu ya binti wa dada. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa miezi mitatu kabla. Sare ilikuwa kitenge cha shilingi 45,000, mshono 30,000, halafu kilemba, halafu mekapu, halafu kukawa na mjadala wa siku nne kama viatu viwe vya dhahabu au vya fedha. Kitenge chenyewe kilikuwa na maua ambayo, nasema kama mtu wa kilimo, hayapo duniani: petali za hibiskasi zimeota kwenye shina la mpunga. Nilichanga, nikashonewa, nikavaa. Gauni lilikuwa refu mpaka chini, na chini yake nilivaa kilichokuwepo. Hakuna aliyejua mpaka nilipotembea ukumbini na mpira ukaanza kulia kwenye vigae, kwii, kwii, wakati MC anaomba utulivu.

Wifi alinikata jicho. Lakini ilipofika saa sita usiku wifi huyohuyo alikuwa amekaa nyuma ya jukwaa, viatu vyake vya dhahabu mkononi, miguu imevimba kama mikate ya kumimina, na uwanja kati ya ukumbi na gari ulikuwa wa kokoto. Hakuniomba. Alininyooshea mguu tu. Nikavua, akavaa, na mimi nikatembea peku, sijui kwa nini hilo lilionekana la kawaida kwetu sote.

Hazikurudi wiki mbili. Nikapiga simu, akasema zipo, anazishughulikia. Zilirudi kwenye boksi. Boksi! Alikuwa amezisugua kwa brashi, akatoa tope la miaka, kisha akazipaka kiwi nyeusi, juu, chini na ndani, zikawa zinang'aa kama gari la bwana harusi. Alikuwa amejitahidi kwelikweli na nilimshukuru kwa dhati. Siku iliyofuata niliingia nazo kwenye jaruba la mpunga, kiwi ikakutana na maji, mguu ukateleza ndani ya kiatu, na nikakaa kwenye matope mbele ya wakulima kumi na mmoja niliokuwa nimewaita kuja kujifunza nafasi za kupandia. Ilichukua mwezi na mchanga mwingi kuirudisha hali yake ya zamani.

Mwaka huu kashata za kisigino cha kushoto zimeisha, kipara kabisa. Inaonekana nakanyaga zaidi upande huo. Bado zinavalika, nitaziacha za bustani. Wiki mbili zilizopita nikaenda Dumila kuchukua nyingine. Mwembe upo, kopo la maji lipo, mzee hayupo: miguu yake inamsumbua, kazi anafanya kijana wake. Kijana ana mkono mzuri, nilimwangalia, na anapitisha kidole gumba ndani mara mbili kila upande kama baba yake. Lakini pea zote zilizotundikwa zilikuwa na alama ya tiki ya Nike imechongwa kwenye mkanda na kupakwa rangi nyeupe. Chache zilikuwa na ile mistari mitatu ya Adidas. Nyingine zilikuwa na nyekundu, kijani, na moja ilikuwa na vyote.

"Huna zisizo na kitu?"

"Siku hizi hazitoki mama. Vijana wanataka nembo."

"Nataka hizo."

Akafikiri, akaangalia mkanda, akaangalia kisu.

"Hizi ni 12,000. Za bila kitu itabidi nikutengenezee maalumu. Hizo ni 14,000."

Nikakanyaga tairi, akaanza kuzungusha chaki.